Walinunua Nyumba, Hawakumnunua Mshairi

(Maneno haya niliyasema Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara, barazani, jioni ya mashairi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimepunguza kukohoa, na utani mmoja ambao aliyetaniwa hakuupenda.)

Assalamu aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie vijana mliokaa juu ya ukuta, marahaba, ingawa sijasikia mtu akiniamkia.

Aliyenialika alidhani nitazungumza vina na mizani, kwa kuwa ndiyo niliyofundisha mpaka nikastaafu. Vina na mizani mtavipata kwa hawa watakaosoma baada yangu. Mimi leo nina habari ya mabati, chokaa, hati ya nyumba, na nani alimlipa fundi. Mniwie radhi. Nimefika umri ambao nikiingia nyumba ya mtu maarufu, jicho linakwenda darini kwanza.

Binti yangu alipokuwa anasoma Massachusetts, kule Marekani, nilikwenda kumtembelea. Siku moja akasema, "Mama, twende nikuonyeshe nyumba ya mshairi." Tukapanda basi mpaka mji mdogo unaoitwa Amherst. Nyumba ni ya matofali, ya ghorofa, imepakwa rangi ya manjano iliyokolea kama bizari, madirisha yake ya mbao ni ya kijani. Humo ndimo alimozaliwa Emily Dickinson tarehe 10 Desemba 1830, na humo ndimo alimofia tarehe 15 Mei 1886. Alitunga mashairi karibu 1,800. Yaliyochapwa akiwa hai ni kama 10 tu, tena bila jina lake.

Tulipandishwa ngazi hadi chumbani kwake. Kuna kitanda, na karibu na dirisha kuna meza. Nataka muione meza ile. Ni ndogo, ya mraba, upana wake haufiki nusu mita. Hata chano cha mandazi hakienei vizuri juu yake. Yenyewe ni ya kuigiza, maana ile ya asili imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Ukutani kuna karatasi yenye maua ya waridi. Aliyekuwa anatutembeza akatueleza kwamba walipokuwa wanakikarabati chumba, mafundi walikuta vipande vya karatasi ya zamani, wakavitumia kuchapisha mpya inayofanana nayo. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2015.

Nikamuuliza binti yangu kwa Kiswahili, ili yule mwenyeji asione ninamkosea adabu: "Waridi zimekuja 2015. Kabla ya hapo nani alikuwa analala humu?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Nyumba ile ilijengwa na babu yake, Samuel Fowler Dickinson, mnamo mwaka 1813. Babu huyu alikuwa mtu wa shughuli za watu. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chuo cha Amherst mwaka 1821, na alitia mali yake humo mpaka akafilisika. Mwaka 1833 nyumba ikauzwa kwa mtu anayeitwa David Mack, babu akahama mji. Mtoto wake Edward, baba yake Emily, akabaki pale pale akiwa mpangaji wa upande mmoja wa nyumba. Emily alikuwa hajafikisha miaka mitatu.

Hapa nawatazama watu fulani mbele yangu, nao wanajua kwa nini nawatazama. Kuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga babu yako si habari ya Marekani peke yake. Unapita mlangoni ukijua kimo cha kizingiti bila kuangalia chini, halafu tarehe moja inafika unabisha hodi kupeleka kodi.

Mwaka 1840 wakahamia nyumba nyingine mjini hapo hapo. Walikaa humo miaka kama 15, na Emily alikulia humo mpaka akawa mtu mzima. Nyumba hiyo baadaye ilivunjwa, pakajengwa kituo cha mafuta. Mwaka 1855 Edward akaweza kuinunua tena nyumba ya baba yake. Akaikarabati, akamjengea binti chumba kidogo cha vioo cha kuoteshea maua, kwa kuwa baridi ya kule inaua kila kilicho nje. Emily akarudi alikozaliwa akiwa na miaka 24, na mashairi mengi tunayoyajua aliyatungia humo.

Alipofariki, mdogo wake Lavinia alichoma barua, kama ilivyokuwa desturi na kama dada mtu alivyotaka. Halafu akakuta mashairi. Kulikuwa na vijitabu 40 ambavyo Emily alivishona mwenyewe kwa sindano na uzi, na karatasi nyingine zisizoshonwa. Hivyo Lavinia hakuvitia moto. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1890, miaka minne baada ya mazishi. Lavinia akaendelea kuishi pale hadi alipokufa mwaka 1899.

Sasa nyumba haina Dickinson ndani. Ikaangukia kwa Martha, mtoto wa kaka yao, aliyewaita Emily na Lavinia mashangazi. Martha alikuwa na kwao, nyumba ya jirani, hatua chache tu ukikata bustani. Hii akaipangisha, na mwaka 1916 akaiuza kwa familia ya Parke.

Hawa akina Parke mimi nilitaka kuwachukia, na nilijiandaa kabisa. Walipoingia, walisugua rangi yote ya nje hadi tofali likabaki tupu. Kile chumba cha vioo ambacho baba alimjengea binti, wakakibomoa. Wakaitengeneza nyumba iwe ya kisasa, ya kukaa na watoto. Nilisimama pale nje nikasema moyoni, hawa watu hawana haya.

Nikatulia. Wao walikuwa wametafuta nyumba ya kulala, wakalipa bei ya nyumba. Hakuna karatasi ya mauzo duniani inayoandika "na mshairi ndani yake". Wakakaa miaka karibu 50. Paa likivuja, wao ndio waliokuwa wanaamka usiku kuweka ndoo. Na mwaka 1965 walipouza, aliyenunua ni chuo cha Amherst, kile kile kilichomfilisi babu. Walimu wa chuo wakawa wanakaa humo, na wageni wakaanza kuruhusiwa kuingia baadhi ya vyumba. Makumbusho yenyewe, yanayounganisha nyumba hii na ile ya jirani, yalianza mwaka 2003. Rangi ya bizari ikarudishwa ukutani.

Na chumba cha vioo? Kimejengwa upya, kikakamilika mwaka 2017. Baadhi ya madirisha yaliyowekwa ni yale yale ya zamani. Yalikuwa yamewekwa stoo miaka 100. Kuna mtu, siku ile ya kubomoa, aliona dirisha zuri akashindwa kulitupa.

Hiyo nyumba ya jirani, ya Martha, ina kisa kingine, nacho nitakieleza polepole kwa kuwa mashekhe wapo.

Ilijengwa mwaka 1856 kwa ajili ya kaka yake Emily, Austin, na mkewe Susan. Inaitwa The Evergreens. Martha hakujaliwa warithi wa damu. Alipofariki mwaka 1943 alimwachia nyumba msaidizi wake, Alfred Leete Hampson, na akaweka sharti katika wasia: Hampson akishaondoka duniani, nyumba ivunjwe. Isiuzwe, wala asikae mgeni humo. Ivunjwe. Kwetu Waislamu wasia hauvuki theluthi ya mali, na mwanasheria wa mirathi angeanza kukuna kichwa hapo hapo. Lakini mali ilikuwa yake, na neno aliliandika.

Hampson alikuwa ameoa. Alipofariki, mjane wake, Mary, akabaki peke yake ndani ya nyumba ambayo hatima yake ni nyundo. Mary hakuigusa. Akina Parke walisugua na kubomoa, Mary hakubadilisha hata kiti. Vyombo vya akina Dickinson vikabaki vilipo, picha ukutani, karatasi za ukutani zikachakaa na kubanduka taratibu. Alikaa hivyo mpaka mwaka 1988 alipofariki, na alikuwa ameshatengeneza njia ya nyumba kuwekwa wakfu badala ya kuvunjwa. Wakfu huo ukaichukua, na leo unaingia ukumbini unakuta giza, harufu ya mbao za kale, na nguo za mtoto aliyekufa zamani.

Binti yangu aliipenda hiyo ya pili. Alisema ndiyo ya kweli. Mimi nilimwambia, mwanangu, wewe hujawahi kukaa kwenye nyumba isiyokarabatiwa miaka 40.

Basi, turudi Mikindani.

Hapa kwetu kuna nyumba yenye kibao kwamba, kwa inavyosemekana, ndimo alimokaa Livingstone. Alipita hapa mwaka 1866 akielekea Ruvuma, safari ambayo hakurudi nayo kwao akiwa hai. Juu pale kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Limekarabatiwa kwa nguvu ya wahisani kutoka Uingereza, likawa hoteli, na vijana wetu wengine wamepata kazi humo. Sina ugomvi na Boma. Lakini hesabu zenyewe zinachekesha: msafiri aliyelala siku chache ana kibao, na mtu aliyetunga kwa Kiswahili akiwa hapa hapa Kusini, nani amempigilia msumari?

Nimefundisha Lindi miaka 11. Lindi ndiko alikotoka Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Vita vyenyewe ni vya 1905 hadi 1907, na vilipita juu ya migongo ya babu zetu. Utenzi ulichapwa Berlin mwaka 1933, na mwaka 1957 ukatolewa tena hapa Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Kwa hiyo Mjerumani anao rafuni, Mwingereza anao rafuni. Katika miaka yangu 11, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunishika mkono akaniambia, Mwalimu, twende nikuonyeshe alipokuwa anakaa. Wanafunzi wangu walidhani washairi wote wanatoka Tanga na Lamu.

Mtaniambia kuna serikali. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo, mpaka waziri alitangaze. Livingstone mwenyewe alichelewa miaka mitatu! Nyumba nyingi mnazoziona hapa, za mawe, zenye milango, zimejengwa na watu wa biashara wakati wa Mjerumani au karibu na hapo. Kwa sheria hiyo ni nyumba tu, na mwenyewe ana haki ya kuivunja Jumatatu asubuhi.

Na zinavunjwa lini? Angalieni mtaona. Msimu wa korosho ukiwa mbaya, nyumba ya zamani inapumua. Msimu ukiwa mzuri, lori la tofali linaingia. Zile siku za habari ya gesi asilia, watu walipokuwa wanakimbilia viwanja vya Mtwara kama wanagawiwa bure, mimi nilikuwa nahesabu kuta.

Sasa nitasema la kwetu. Babu yangu alikuwa na nyumba ya ghorofa nyuma kule, mnaijua. Kuta za matumbawe na chokaa, dari za boriti. Vyumba vyembamba na virefu, kwa kuwa boriti ya mkoko ndiyo inayoamua: huwezi kujenga chumba kipana kuliko urefu wa mti. Nikiwa mtoto nililala na bibi kwenye chumba hicho, nikihesabu boriti mpaka usingizi unanichukua. Zilikuwa 31.

Bibi alikuwa mtunzi. Hamtamkuta kitabuni. Alitunga nyimbo za harusi, na mji mzima ulikuwa unamwita. Aliandika kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari la madeni la duka la babu, kurasa za nyuma, akianzia mwisho. Ukifungua upande huu unakuta fulani anadaiwa kilo mbili za mchele, ukifungua upande ule unakuta bibi harusi anaambiwa asilie. Daftari lile lililiwa na mchwa kabla sijapata akili ya kulinakili. Kwa hilo sina wa kumlaumu. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na kalamu.

Babu alipofariki nyumba ikawa ya mirathi. Tulikuwa warithi 14. Mnajua nyumba ya warithi 14 inavyokuwa: kila mtu ana funguo, hakuna mwenye nyundo. Ami yangu mmoja, Mungu amrehemu, aliuza mlango wa nakshi kwa mfanyabiashara aliyekuja na gari usiku. Tukapigilia mabati mahali pa mlango. Paa likaanza kutoboka. Nyumba ya chokaa, ndugu zangu, haiuawi na miaka. Inauawa na maji kutoka juu. Mvua ikiingia darini, boriti inaoza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani ambapo huoni. Siku moja ghorofa inashuka, na ikishuka inasukuma ukuta nje. Majirani wetu wawili wamekwenda hivyo hivyo. Pale sasa kuna mipapai.

Sisi tukauza. Aliyenunua ni bwana mmoja wa Newala, mtu wa korosho. Akaezeka mabati mapya. Halafu akafanya jambo lililonifanya nisimsalimie miaka miwili: akapiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Kuta zile zinavuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje, ndivyo zilivyoumbwa. Ukizifunga na saruji, unyevu unanasa, chumvi inafanya kazi yake, na plasta inabanduka kama bamba, na jiwe nalo linaondoka nayo. Nilimwambia. Nilimwambia barabarani, mbele ya watu, maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema.

Niliporudi kutoka Marekani nilikwenda kwake. Nilibeba halua, kwa kuwa sikujua nianzie wapi. Nikamwambia, mzee mwenzangu, nimekuja kukuuliza nyumba yako. Akacheka. Akasema, leo umesema yako.

Akanipitisha. Mkewe amefanya chumba cha bibi kuwa stoo ya mahindi. Nikainua macho, nikahesabu. Boriti 29 ni zile zile. Mbili amebadilisha, ameweka mbao za mninga, akaniomba radhi kwamba mkoko mrefu siku hizi haupatikani. Halafu akanichukua uani, akafukuza kuku, akanionyesha kitu wanachokitumia kama kiti cha kuoshea vyombo. Ulikuwa mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wenye nakshi ya mnyororo. Wauza milango walichukua mbao mbili wakaacha mfaa, pengine gari lilikuwa limejaa. Aliukuta kwenye kifusi. Nikamuuliza kwa nini hakuuchoma kuni. Akanitazama kama mimi ndiye sina akili. "Mwalimu, mtu kakaa amechonga hivi."

Mabati yale ninayoyachukia mpaka leo ndiyo yaliyofanya nikute boriti 29. Nisingependa mtu atoke hapa akisema Mwalimu amebariki saruji. Sijabariki. Nasema kwamba mwenye nyumba wa sasa ndiye mtu wa kwanza wa kwenda kumwona. Msiende na kibao, wala msiende mkimhukumu. Mwulizeni alinunua kwa nani, alikuta nini, ametupa nini, amehifadhi nini. Andikeni, na siyo upande wa nyuma wa daftari la madeni.

Na nyie wa Lindi mliokuja leo, ndugu zangu, wazee wa pale bado wapo. Abdul Karim hakutungia hewani. Kuna baraza alikalia. Anzeni kuuliza Ijumaa hii, baada ya sala, kabla watu hawajatawanyika.

Mwenye nyumba yuko hapa, kakaa nyuma kule kwenye nguzo, anajifanya haangalii. Amesema kesho baada ya Alasiri tunaweza kwenda kuona, lakini tusizidi kumi maana ngazi haivumilii. Mfaa umeshaoshwa. Kuku wamehamishwa. Ameniomba nitangaze jambo moja tu: kuhusu saruji, ameshanisikia, na hataki kuisikia tena kutoka kwa mtu mwingine.